Ganda la Mgomba

Utomvu wa mgomba ulikuwa bado mikononi mwangu wakati mdogo wangu aliponionyesha kwenye simu bustani ya michezo ya huko ng'ambo.

"Dada, tukienda huko wote tunakaa wiki nzima. Leo michezo, kesho tunapumzika, watoto wasichoke."

Nikanusa mikono.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawapangia wadogo zangu vivyo hivyo: asubuhi kupalilia kahawa, jioni kuteleza mlimani juu ya ganda la mgomba. Mimi nilikaa mbele, visigino vikiwa breki. Jioni moja baba mdogo akatukuta tukiteleza. Alikuja kumchukua huyuhuyu mwenye simu, kitinda mimba wetu, akalelewe kwake Mabira.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Ndiyo malezi haya?"

Kitinda mimba, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alikuwa amelala kwenye nyasi akicheka mpaka kwikwi. Baba mdogo alimtazama, kisha akalitazama shamba.

"Mmepalilia lote?"

"Lote, baba."

"Haya, telezeni."

Akarudi peke yake.

Sasa mdogo wangu alikuwa amefika kwenye picha ya mteremko wa maji. "Dada, hapa utakaa mbele?"

"Safari hii kaa wewe."