Droni Yangu Ilivyopigwa Mnada Kanisani

Naanza na ujinga wenyewe ili mkicheka mcheke mapema: Jumapili ya mavuno nilimwambia Mama tumbo linaniuma, nikajikunja kitandani kama kiwavi, na alipotoka tu kwenda ibadani nikaichukua simu yake aliyoisahau mezani, nikawasha video, nikaifunga kwa selotepu kwenye pua ya droni yangu iwe kamera yake. (Ndiyo, naona aibu. Kidogo.)

Droni hiyo nilikuwa nimeiunda kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya Jumatatu, maana mwalimu wa fizikia alishatangaza darasa zima kwamba haitanyanyuka hata ikiombewa. Niliiga zile za upelelezi za wanajeshi, ambazo hazitaki uwanja wa kurukia, askari anaikamata tumboni, anakimbia kidogo, anairusha kama mkuki. Mwili ni lile povu gumu jeupe linalokuja na friji, panga la kuisukuma, kama la feni, liko nyuma lisizibe kamera, na mabawa yamefungwa kwa mpira wa tyubu ili ikitua vibaya yachomoke badala ya kuvunjika. Halafu nikaipaka kijani cha jeshi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikairusha kutoka shambani kwetu Kikwe, ikapaa, nikapiga kelele peke yangu kama kichaa, kisha upepo wa mlimani ukaibeba, na rimoti yangu (ya gari la kuchezea la watoto, msinicheke) ikipita shamba moja la mahindi haisikii tena, basi nikabaki nakimbia na ndala moja huku ndege inaelekea wapi? Kanisani!

Nafika getini, ibada imeisha, mnada wa mavuno unaendelea nje, Mzee Mbise ameshika maiki ananadi maboga, na droni inashuka katikati ya mikungu ya ndizi, mabawa yakaruka huku na huku.

"Bomu!" mtu akapiga kelele. Kwaya nzima ikalala chini na majoho yake.

Halafu bomu likaanza kuita, kwa mlio wa simu ya Mama. Na Mama mwenyewe alikuwa amesimama na simu ya mama mchungaji sikioni, anapigia simu yake aliyoiacha nyumbani kuniuliza kama nimekunywa uji. Akaangalia bomu, akaangalia simu, akaniangalia mimi pale getini.

"Tumbo linaendeleaje, baba?"

Nikaruka kuichukua. Mzee Mbise akaniwekea mkono kifuani. "Kilichotua mezani kwa Bwana ni sadaka, kijana. Kinunue kama wenzako."

Mfukoni nilikuwa na skrubu moja. Nikayaona maonyesho yanaondoka hivi hivi.

"Shikamoo mzee, lakini..."

"Marahaba. Sema inafanya nini, tuipandishe bei."

Nikaeleza yote, panga, mpira, kamera. Mama akafungua video kwenye simu yake, Mzee Mbise akaisogeza kwenye miwani, maiki bado iko mdomoni: "Naona paa letu... naona migomba... Ee! Naona watu nyuma ya migomba! Na huyu mwenye mshikaki si Elibariki?"

Elibariki ni mjomba wangu, kaka yake Mama, ambaye asubuhi ile alimwambia Mama kwamba mnadani hatabaki, ana ng'ombe mgonjwa. Kumbe yeye na wenzake huponyoka wimbo wa mwisho ukianza, kila mwaka, wasibanwe kununua mnadani! Vijana wakawafuata, wakaletwa msururu, mjomba bado na mshikaki wake mkononi, na vigelegele vikapigwa kama harusi. Kwa aibu walinunua kila kitu, boga moja likagombewa kama dume la ng'ombe. Droni akaipata mjomba, baada ya kushindana vikali na mchungaji (aliitaka kwa kazi ile ile ya kunasa watoro, naapa), na watu wote wakamfokea mjomba: "Mpe mwenyewe! Mpe mwenyewe!" Akanipa.

Jumatatu ikazunguka juu ya mlingoti wa bendera, mwalimu wa fizikia akapiga makofi mpaka chaki ikamtoka mkononi. Mshindi nani? Mimi. Ila nimeapa, tumbo langu sitalisingizia tena.

Jioni nilipoingia na cheti, Mama alikisoma, akakilaza juu ya kabati, akasema: "Jumapili ijayo uje na tumbo lako ukae mbele nikuone. Na hiyo ndege yako uje nayo, nasikia mjomba wako safari hii atatorokea mlango wa kwaya."