Kifuniko cha Nta

Geti la nyumba ya mwanangu Sabiri, hapo Manundu, Korogwe, ni la bati zito lililopakwa rangi ya kijani. Kwa miezi kumi na moja nililijua kuliko uso wa mtu yeyote. Chini lina uwazi wa vidole vinne. Nikikaa kwenye kigoda barazani naona miguu inapita: viatu vya shule, makobazi, tairi la baiskeli. Ufunguo alikuwa nao mkwe wangu Ikram, ameufunga kwenye pindo la kanga. Akienda sokoni anafunga kwa nje. "Mama, jua kali, usije ukatoka ukaanguka tena." Si mtoto mbaya, Ikram. Alinipikia, alinifulia, alinikanda mkono. Nilikula vizuri. Lakini hata mbuzi wa Idi anakula vizuri.

Naitwa Mashavu binti Mwinjuma, mtu wa Sindeni, Handeni. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Kuendesha gari ni hivyohivyo, sikufundishwa shuleni. Marehemu mume wangu, Mzee Afisa, alipopata pikapu alinikunjia gunia nikalikalia ili nione mbele, akaniambia, "Ukigonga mti, ni mti wako." Niligonga mmoja tu. Baada ya hapo nilibeba mahindi, nikabeba machungwa, nikabeba wanawake wenye uchungu mpaka hospitali ya Handeni. Wawili walijifungulia njiani, na mmoja wa watoto hao sasa ana ndevu. Mzee alipofariki pikapu ikakaa chini ya banda miaka mitatu, kuku wakataga kwenye kiti chake.

Vuli ya mwaka jana niliteleza kisimani nikavunjika mkono. Nikalala pale tangu adhuhuri mpaka ng'ombe wanarudi. Sabiri akaja mbio, akanichukua. Akasema, "Mpaka mkono upone tu, mama." Nikasema siendi bila pikapu. Akaivuta kwa lori la rafiki yake, akinung'unika njia nzima. Mkono ulipona kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja, ikaisha. Geti halikufunguliwa.

Ilipokaribia vuli nyingine wifi yangu alileta habari kwamba nyani wamelifanya shamba langu kwao. Nikamwambia Sabiri nataka kwenda kulima.

"Utakaa na nani, mama? Siku ukianguka tena nani atakutoa?"

"Pikapu itanitoa."

Akacheka, akatazama uani ilipokuwa imekaa, matairi yamebonyea. "Ile? Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanapita wanunuzi wa chuma chakavu. Nimeshawaambia waje."

"Umewaambia wanunue gari langu?"

Akaona aibu kidogo. Ndipo tukawekeana ahadi. Kama kabla ya Ijumaa hiyo pikapu itakwenda Mombo na kurudi bila kusukumwa, atanifungulia geti kwa mkono wake mwenyewe. Ikisukumwa hata hatua moja, inapanda lori la chuma chakavu, nami nitulie Manundu mpaka siku yangu.

Nikasema, "Rudia, mkeo asikie." Akarudia.

Fundi alikuwa Matayo. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge Mazinde, asirudi kwao, kwa hiyo Matayo ni Mnyamwezi wa Korogwe, nami Mzigua, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Ananitukana sikasiriki, namtukana hakasiriki. Ndiyo mila.

"Shikamoo bibi. Naona Mzigua amepewa mzigo ambao hata nyani hawautaki."

"Marahaba. Babu yako alitembea kwa miguu toka Tabora na mzigo kichwani. Gari utalijulia wapi?"

"Ndiyo maana nikajifunza gari, bibi. Nilichoka kubeba."

Siku ya kwanza tulipotia petroli, pikapu ilikuwa imetolewa nje ya geti. Asubuhi iliporudishwa uani tukakuta tangi kavu, mtu amenyonya petroli yote kwa mpira. Kifuniko cha tangi chenyewe kilidondoka zamani, siku ya kuvutwa, kipo porini huko. Tangi lilizibwa kwa tambara tu. Nikakasirika. Kwetu asali ikishatiwa kwenye kibuyu haiachwi hivihivi: mama yangu alikuwa akiziba mdomo kwa kizibo, juu yake nta, siafu wasipate hata pa kunusia. Basi nikachukua kifuniko cha chuma cha kopo, nikakata duara la mpira wa tyubu nikaliweka ndani, nikakaza kwa waya, nikazungushia nta kila upande na kuilainisha kwa kidole. Ukiinusa husikii petroli. Nikamwambia Matayo, "Hapa hapaguswi na mtu. Kutia mafuta ni mimi, kwa kisu changu, na kuziba ni mimi."

"Kifuniko gani hiki, bibi?"

"Kifuniko kiache. Wewe tengeneza gari."

Gari likawaka siku hiyohiyo. Nilisimama uani moshi ukinipiga usoni, machozi yananitoka, nikasingizia moshi. Matayo akalipeleka mjini, likafika kwenye uwanja wa mpira likakohoa mara tatu, likazima. Akangoja, likawaka, akarudi.

"Uchafu wa tangi," akasema. Miaka mitatu limekaa, kutu lazima. Akalishusha tangi, akatia kokoto na petroli kidogo akalitikisa, likatoka tope jekundu kama la mtaro. Akafunga filta mpya. Mimi nikaziba upya kwa nta yangu. Likaenda mpaka uwanja wa mpira, likazima.

"Pampu," akasema. Akaifungua, akanionyesha utando wa mpira wa ndani umepasuka kama kisigino changu. Akatia mwingine. Nikaziba. Likapita uwanja, likafika darajani, likazima.

"Kabureta." Akaifungua yote juu ya gunia, akapuliza kila kitundu kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Likawaka vizuri kuliko siku zote. Likazima palepale darajani.

Siku zikaenda hivyo. Na mimi sikutoka. Gari lilikuwa likitoka, geti likifungwa nyuma yake, nami nabaki kwenye kigoda nikisikiliza mlio wake unavyokwenda mbali. Ule mlio naujua. Nikausikia unakata, najua limezima. Kisha kimya. Nahesabu miguu chini ya geti. Usingizini niliota niko kisimani, nimelala chali, naona mdomo wa kisima tu.

Jumatano Sabiri alirudi na habari kwamba watu wa chuma wamethibitisha. Akasema kwa upole, na ule upole ndio uliniuma, "Mama, usijitese. Hapa unakosa nini?"

Nikamjibu, "Kesho tunakwenda Mombo. Wewe, mimi na Matayo. Uje uone kwa macho yako."

Alhamisi asubuhi tukakaa watatu mbele, Matayo kwenye usukani, mimi katikati na mkongojo wangu, Sabiri mlangoni. Mara yangu ya kwanza kupita lile geti tangu niletwe. Upepo ukanipiga, nikaona milima ya Usambara upande wa kulia, imekaa palepale, haikujua nilikuwa wapi. Daraja tukalipita. Sabiri akatazama saa. Matayo akaanza kupiga mluzi. Tukafika Makuyuni, pikapu ikakohoa.

"Usife," Matayo akaiambia. "Kufa nyumbani kwa Mzigua, si hapa."

Ikakohoa tena, ikazima. Tukaserereka mpaka pembeni, mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza mafuta ya kula na nyanya. Sabiri alivuta pumzi ndefu. Nilimsikia. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi, mama. Tumejaribu."

Matayo akafungua boneti. Akachomoa mpira unaoleta petroli, akautia mdomoni anyonye. Akanyonya, mishipa ikamtoka shingoni. Akauondoa haraka akashika mdomo.

"Bibi! Mpira huu unaninyonya mimi! Umenivuta ulimi!"

Yule mama wa kibandani akacheka, na mimi nikacheka, na huku nacheka nilikuwa namtazama mikono. Mteja alitaka nusu lita. Mama amekata mdomo wa dumu jipya, ameliinamisha, mafuta yanatoka kwa kigugumizi: glo, yanakata, glo, yanakata. Akaliweka chini, akachukua msumari, akatoboa kitundu kidogo upande wa juu. Akaliinamisha tena. Mafuta yakashuka uzi mmoja, laini, bila kukatika.

Kicheko kikanikauka.

Kila mwanamke anajua hilo. Mimi nimetoboa madumu tangu sijaolewa. Dumu lisipopata hewa juu, halitoi chini. Na mimi kwa mikono yangu nililiziba tangi mpaka harufu haitoki. Harufu isipotoka, hewa itaingilia wapi? Siku tisa Matayo kafungua kila kitu isipokuwa kile nilichomkataza.

Nilikaa kwenye kiti sikushuka. Niseme nini? Nikinyamaza, kesho lori la chuma. Nikisema, Sabiri atapata alichokuwa anakitafuta: mama amezeeka, analiharibu gari mwenyewe halafu analia. Nilitamani hata kuchomoa nta kwa siri, lakini walikuwa wote wawili wameshahamia nyuma, wamesimama karibu na tangi.

Nikashuka. Nikatoa kisu kwenye kibindo. "Nipisheni."

Nikakata nta, nikalegeza waya, nikainua kifuniko kwa ncha ya kisu. Tangi likavuta pumzi. Fyuuuuu! Mpaka mteja wa mafuta akageuka. Matayo akanitazama, akatazama kifuniko, akaanza kuelewa taratibu kama mtu anayesoma barua.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeziba mimi. Gari halina ugonjwa."

Kisha Sabiri, kama nilivyojua: "Unaona, mama? Unaona sasa? Siku tisa! Na kule peke yako utaziba nini kingine? Utafunga jiko la mkaa ndani ulale?"

Nilikuwa pale barabarani, mabasi yananipita, na nikajiona niko uani.

Matayo ndiye aliyejibu. Mtani ana ruhusa ya kuingia pasipoingiliwa.

"Bwana Sabiri, mimi nina miaka ishirini kwenye spana. Nimeshusha tangi, nimefungua pampu, nimepuliza kabureta mpaka nimekonda. Sikuona. Mzigua huyu mbishi kaona kwa kutazama dumu la mafuta ya kula. Kama kukosea ni sababu ya kufungiwa ndani, basi nifungie mimi kwanza. Ila unilishe kama unavyomlisha yeye."

"Usiingilie mambo ya nyumba yangu, fundi."

"Mimi mtani wake. Siku akifa nitaingia nyumbani kwako, nitalala juu ya kaburi lake nikatae asizikwe mpaka mnipe kuku. Nitashindwa kuingilia leo?"

Sabiri alitaka kukasirika, mdomo ukamcheza. Kwa mtani hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Mama wa mafuta akasema bila kuinua kichwa, "Hata mimi dumu langu la kwanza nilisahau kutoboa, nikalowesha duka."

Hapo ulimi ukanirudi. "Sabiri mwanangu, ahadi yetu ilisemaje?"

"Mombo na kurudi."

"Bila nini?"

Akajikung'uta vumbi la suruali.

"Bila nini? Mkeo alikuwepo."

"Bila kusukumwa."

"Nani amelisukuma?"

Akatazama barabara mbele na nyuma, kama anatafuta shahidi wa kumwokoa. Hakuna aliyesukuma. Tuliserereka wenyewe mpaka pembeni, na pembeni palikuwa na mteremko.

Nikaazima msumari wa yule mama. Matayo akaweka kifuniko juu ya jiwe, mimi nikagonga mwenyewe. Kitundu kimoja, cha kupita punje ya mtama. Nikakifunga kwa waya, bila nta. Pikapu ikawaka mara ya kwanza. Tulifika Mombo, Matayo akanunua mahindi ya kuchoma akatutafunia masikioni njia nzima, tukarudi. Makuyuni tulipita tukipiga honi. Darajani haikukohoa. Uwanja wa mpira haikukohoa. Getini Sabiri alimwita Ikram atoe ufunguo, akafungua kwa mkono wake.

Usiku ule nilimsikia akizungumza na mkewe chumbani, nikasikia analia. Sikuingia. Kuna kilio cha mtoto ambacho mama akikiendea hatatoka tena.

Ijumaa asubuhi nilipakia kigoda changu, jembe, gunia la mbegu, na debe la unga alilonitilia Ikram huku hanitazami. Sabiri akakagua matairi mara mbili. Akaniwekea simu mfukoni na kuniapisha nipige kila jioni. Nikasema nitapiga. Kisha akanikunjia gunia, akaliweka kwenye kiti cha dereva. Sikujua kama anakumbuka alivyofanya baba yake.

Matayo akakaa upande wa abiria. "Nakusindikiza, si kwa kukupenda. Nafuata kuku wangu."

Nikawasha. Geti lilikuwa wazi, lakini mbele yake limesimama lori la chuma chakavu, limeziba njia yote, vijana wawili wamekaa juu ya mabati na rimu zilizopinda. Mmoja akaruka chini.

"Shikamoo bibi. Tumeambiwa hapa kuna chuma. Kiko wapi?"

Nikapiga honi.

"Ndicho hiki, kinakuja. Kipisheni."