Jiwe la Mpaka wa Krivá Jasenka

Žofia Hrončeková, binti wa Matej aliyechimba mfereji wa juu kwa sururu moja, mjukuu wa Kristína aliyefukia kengele ya kanisa kwenye samadi ili isiyeyushwe kuwa mizinga ya vita, ndiye aliyeyaokoa maji ya Krivá Jasenka. Aliyaokoa kwa makalio yake, wala si utani.

Jasenka ni kijiji cha nyumba arobaini na moja zilizobanana upande mmoja wa kijito, na zote zinakunywa chemchemi moja, kule juu ya mteremko unaoshuka kuelekea kijiji jirani cha Rakytka. Mwaka wa tisini na nne, mashamba ya ushirika yaliporudishwa kwa wenyewe, mpima ardhi alikuja na ramani. Ramani ilitaja jiwe la mpaka lenye msalaba. Jiwe halikuonekana, matrekta yalikuwa yamepita hapo miaka arobaini. Bartko, mwenyekiti wa Rakytka, alishikilia kwamba lilikuwa upande wa juu wa chemchemi, kwa hiyo maji yako upande wao. Ľudmila, mwenyekiti wa Jasenka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa hajazaliwa jiwe hilo lilipoonekana mara ya mwisho. Mpima akasema jiwe lisipopatikana kufikia jioni, atachora alivyoambiwa na Bartko.

Žofia akaacha jamu ya plamu jikoni, akapanda mlima.

"Mama Žofia, rudi kwenye sufuria yako," Bartko akamwambia. "Wewe hata miwani hukumbuki umeiweka wapi."

"Miwani siikumbuki kwa sababu hakuna aliyenichapa nilipoiweka."

Maana zamani wazee walizunguka mpaka kila majira ya kuchipua, na kwenye kila jiwe walimlaza mtoto wa kiume wakamtandika, ili asisahau mahali hadi uzeeni. Mwaka wa thelathini na moja wavulana walikuwa na surua, basi Matej akamlaza binti yake wa miaka minane. Žofia aliuma meno, akakodolea macho mbele: nyuma ya kilima alikuwa akiona msalaba wa kanisa la Rakytka, msalaba tu, bila mnara.

Sasa, na miaka yake sabini na mmoja, akalala kifudifudi kwenye majani mbele ya wanaume wote. Mnara ulionekana nusu. Akajiburuta kuteremka, akachungulia, akajiburuta tena, mpaka kilima kikauficha mnara wote ukabaki msalaba tu, na chemchemi ikawa hatua ishirini nyuma yake, upande wa Jasenka.

"Hapa. Chimba."

Sepetu ikagonga jiwe, na mpima akafuta udongo kwa kiganja. Msalaba ulikuwepo. Bartko akavua kofia, akamuuliza Žofia kwa upole kama siku ile iliuma sana. Akajibiwa kwamba haikuuma kiasi cha kuwapa watu wa Rakytka maji.

Ľudmila akamsaidia kuinuka. Žofia hakuuachia mkono wake.

"Yapo mawe ya mpaka kumi na moja, na mimi sijabakiza miaka kumi na moja ya kuishi. Kesho njoo na wanao na wa jirani, wasichana kwa wavulana. Usiwachape. Walaze tu kwenye kila jiwe, na kila mmoja akwambie anaona nini."

Ľudmila akauliza waanzie jiwe lipi.

"La mbali kabisa. Uje na viatu vya kutembelea."