Swali la Mizinga

Mwezi uliopita wanafunzi watatu wa chuo walinifuata nyumbani hapa Mzumbe, wakiniomba niwe mwamuzi wa mashindano yao ya maswali kuhusu vita vya zamani: silaha, majemedari, nani alimzingira nani na wapi. Walikuwa na adabu, wakaamkia vizuri, wakanywa chai. Nilikataa. Nadhani waliondoka wakiamini kwamba mzee ana maringo. Wewe, msomaji, umenivumilia kwa miaka mingi, nami sioni sababu ya kukuficha kilichonifanya nikatae.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kwenye mteremko ulio juu ya Mlali. Ukungu ulishuka asubuhi hadi kwenye migomba, ukaondoka pale ulipopenda. Mama alikuwa amefariki. Baba alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa reli upande wa Kisaki. Watoto wenzangu walikuwa wamehamishiwa pamoja na wazazi wao kwenye kijiji kipya chini bondeni, hivyo huku juu nilikuwa peke yangu na kazi za kawaida: kuteka maji, kufukuza nyani kwenye mahindi, kumenya magimbi ya moto hadi vidole vikababuka.

Mwenzangu alikuwa mtu mmoja tu, jirani yetu, mzee mrefu aliyeinama bega la kulia. Kwa kuwa alipenda kumwita bibi mke wake, mimi aliniita mume mwenzangu. Kila alasiri tulishuka pamoja hadi shuleni, yeye akitembea nusu hatua nyuma yangu ili nisijione mdogo. Njiani alinisimulia vita vya kwanza vya dunia, ambamo alichukuliwa akiwa kijana kubebeshwa mizigo ya Wajerumani. Sikuwahi kumdai ushahidi. Nilikuwa na furaha ya kusemeshwa.

Shuleni tulienda kwa ajili ya kisomo. Siku hizo watu wazima wote walitakiwa kujifunza kusoma, na sisi wa darasa la sita tulipewa kazi ya kuwasaidia. Mambo yalikuwa hivi: unamwamkia mzee shikamoo, anaitika marahaba, kisha unachukua daftari lake na kumwekea alama ya kosa. Wazee walikaa kwenye madawati yetu, magoti yakiwa karibu na kidevu, chumba kikinuka chaki na moshi wa kuni uliokuwa kwenye nguo zao.

Mwalimu, kijana aliyetoka kanda ya Ziwa, alikuwa na mapenzi ya ajabu na habari za vita. Nusu saa ya mwisho aliifanya ya maswali, na watu waliisubiri kuliko silabi zote. Karani wa duka la kijiji, aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza kule Burma, alijibu kila swali kabla halijaisha. Bibi alikuwa akimwambia huko dukani kwamba vita pekee wanavyomjua navyo ni vya kugawa sukari. Jirani yetu alisikiliza tu. Alisema atajibu siku atakayoweza kuandika.

Siku hiyo ilifika. Mwalimu alitangaza mashindano ya kuandika, maswali kumi, na mshindi angepata mche mzima wa sabuni, kitu ambacho dukani hakikuwa kimeonekana kwa muda. Kisha aliitwa mjini kwenye semina, akaniachia karatasi ya majibu ili nisahihishe na kusoma matokeo mbele ya watu. Wiki nzima jirani alifanya mazoezi ya herufi kwa kijiti kwenye udongo wa shamba lake. Hakuwa na haja ya sabuni, alisema. Alitaka jina lake lisomwe.

Swali la tano liliuliza mizinga ya Wajerumani ilivukaje milima hii wakati wakirudi nyuma kuelekea Kisaki. Karatasi ya mwalimu ilisema: ilivutwa na ng'ombe. Katika daftari la jirani, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka, kulikuwa na maneno mawili: Tuliivuta sisi.

Niliyasoma kwa sauti, kama nilivyosoma ya wengine, na nikasema ni kosa.

Karani aligeuka kwenye dawati lake. "Kwa hiyo, mzee, ng'ombe mlikuwa ninyi?"

Chumba kizima kilicheka. Hata jirani alitabasamu kidogo, akasubiri kicheko kiishe.

"Ng'ombe walikufa mapema," alisema. "Mbung'o. Tukafungwa kamba sisi."

Alikuwa akinitazama mimi. Nilijua bega lile liliinamishwa na nini. Nilikuwa nimetembea mbele yake mwaka mzima. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu, watu wazima thelathini walikuwa wakiningoja mimi, na utamu wa jambo hilo ulinizidi.

"Babu, hayo ni masimulizi," nilisema. "Hapa tunafuata kilichoandikwa."

"Sawa, mwalimu," alijibu.

Sabuni aliipata karani, akimzidi jirani kwa swali moja. Njiani kurudi jirani alitembea mbele yangu.

Bibi aliposikia hakunigombeza. Alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee jirani, nikaupeleka. Alinipokea vizuri mno, akanipangusia kigoda, akaniuliza habari za masomo kama anavyoulizwa mgeni. Nilipomwomba anisimulie tena habari za kamba, alisema hizo nimuulize mwalimu wangu, yeye amesahau. Kwenye kisomo hakurudi. Tangu siku ile hadi alipofariki, mimi nikiwa kidato cha pili shule ya bweni, hakuniita tena mume mwenzangu. Alasiri zilizobaki nilishuka mlima peke yangu.

Nimefundisha na kusahihisha mitihani kwa muda wa miaka arobaini, na bado siamini neno lisilo na ushahidi. Sijutii msimamo huo. Najutia kwamba shahidi alikuwa mbele yangu, ana mkono wa kuandika aliojifunza kwa taabu, nami nikamwita uvumi.

Baada ya kustaafu nilitafuta vitabuni hadi nikapata. Imeandikwa, wazi kabisa, kwamba wanyama walikufa kwa mbung'o na mizinga ikavutwa na watu. Nilinakili ukurasa huo kwa mkono wangu. Kule mteremkoni sasa ni mashamba matupu; nyumba yake na ya bibi hazipo, na hakuna hata mmoja wa wale waliocheka ambaye ningeweza kumsomea. Kitabu kinataja uzito wa mizinga na majina ya maofisa. Waliovuta hakiwataji. Jina lake ninalijua, na halijasomwa popote.