Saluni ya Upande wa Pili

Bosi, mama mwenye saluni, alipoikosa simu yake hakuuliza mtu. Alimwendea moja kwa moja yule msichana wa chuo aliyekuwa akimsukia jioni, akamsimamisha katikati ya kichwa cha mteja, akachukua mkoba wake na kuubinua. Madaftari ya somo la dawa, kipande cha mkate na pedi vikamwagika sakafuni juu ya nywele zilizokatwa, mbele ya wateja waliojaa hadi benchi la mlangoni.

"Hawa wa chuo ndio wezi wenyewe," alisema Bosi. "Wanaiba kisomi."

Simu ikaita. Ilikuwa ndani ya beseni la taulo, alikoiweka kwa mkono wake mwenyewe. Bosi akacheka. Akacheka, nakwambia! "Haya, yaishe. Endelea na kichwa cha watu."

Msichana, ambaye wateja walimwita Vidole kwa wepesi wake wa kusuka, aliokota pedi zake moja moja, taratibu, ili ampe yule mama nafasi ya kusema samahani. Haikusemwa. Akatoka.

Sasa, wasusi wana jambo lao: kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine. Kila msusi ana kukaza kwake, na ukichanganya, upande mmoja unalala na mwingine unasimama. Kwa hiyo yule mteja, nusu kasukwa na nusu katimka, alijitupia kitambaa akamfuata Vidole barabarani hadi kwenye ngazi za nyumba alimopanga na dada yake. Akamaliziwa hapo hapo, mtaa mzima ukitazama. Kinyozi mmoja aliyekuwa akipaka rangi saluni yake mpya, ng'ambo ya barabara, ikitazamana na ya Bosi, naye alitazama.

Wiki ile ile Vidole akajikuta na kazi mbili za kuchagua. Kinyozi alitaka msusi wa jioni. Na mfamasia wa duka la dawa lililo nyuma ya chuo alimtumia ujumbe: anahitaji msaidizi, mwanafunzi wa dawa, aje ajifunze kwa vitendo. Jioni hizo hizo. Kuzishika zote mbili haiwezekani.

"Hivi hili nalo ni la kufikiria?" dada yake aliuliza, akikunja nguo kitandani. "Darasa lenu zima linaitafuta nafasi kama hiyo. Wewe imekufuata yenyewe, unaikunjia uso. Unakwenda kusuka au unakwenda kumkomoa yule mama?"

"Vyote viwili."

"Mdogo wangu, ukimaliza chuo utaomba kazi. Watakuuliza umefanya nini, utasema nini?"

"Nitasema nimefunga saluni ya mtu."

Dada akasonya, akaendelea na nguo zake.

Msidhani Vidole hakujua anachokitupa. Alikijua vizuri kuliko dada yake. Lakini kila alipofungua daftari aliziona pedi zile, na kicheko kile kikamrudia masikioni. Akamwandikia mfamasia: asante, hapana.

Siku ya kwanza alimwomba kinyozi ageuze kiti cha kusukia kitazame barabara. Wateja wakaanza kuvuka, mmoja leo, wawili kesho, mwishowe hata wale wa benchi la mlangoni. Na kila alasiri, akifika, Vidole alisimama kizingitini na kupaza sauti mtaa usikie: "Shikamoo, Bosi!" Mama wa watu afanye nini? Ilibidi aitikie. Kila marahaba ilitoka nyembamba kuliko ya jana, na Vidole akaingia ndani akitabasamu. Wasaidizi wa Bosi wakaondoka. Akawa anaosha vichwa mwenyewe, kisha akawa anakaa tu mlangoni na kitana mkononi. Raha aliyoipata Vidole hata haikuwa na aibu.

Alasiri moja Bosi akavuka barabara. Akasimama mbele ya kiti cha Vidole.

"Umeshinda," alisema. "Nafunga mwisho wa mwezi."

"Pole," alijibu Vidole, mikono ikiendelea na kichwa.

"Ila nikuulize. Kazi ya duka la dawa uliikataa kwa nini?"

Mikono ikasimama. "Umejuaje?"

"Mfamasia ni shemeji yangu. Mimi ndiye niliyembembeleza akuchukue. Nilijua nimekuonea, mwanangu. Mdomo ukawa mzito."

Hasira iliyompanda Vidole haikuwa na mfano, hata ile ya siku ya mkoba ilikuwa mchezo.

"Ulinitukana mbele ya watu wote," alisema. "Kisha radhi ukaenda kumwomba shemeji yako, chumbani. Mimi ulinificha kwa nini? Neno moja tu, Bosi! Ningekuwa pale dukani na koti jeupe, nawe ungekuwa na wateja wako."

Bosi akafungua mdomo. Hata sasa, wote wakimtazama, neno lenyewe halikutoka.

"Basi sogea. Unaniziba mwanga."

Mama akavuka kurudi kwake. Vidole akashika kitana, akachora mstari katikati ya nywele. Ukaenda upande. Akaufuta, akachora tena, ukaenda upande.

"Dada, vipi?" aliuliza mteja.

"Tulia," alisema Vidole. Alimchukia yule mama kuliko siku zote, na safari hii chuki ile ilimgeukia hata yeye mwenyewe, aliyeandika "asante, hapana".