Aliyefungwa Bao Alimenya Viazi

Juzi huko Katoro nimemwona kijana anamenya viazi barazani, mkewe pembeni anacheka na simu. Nikakasirika. Si kwa ajili yao, nilimkumbuka mama.

Mchana mmoja, nikiwa mdogo, tulifunga mlango, ndani kunanuka maganda mabichi. Baba, bingwa wa bao kijiji kizima, alikuwa amefungwa na mama, na kwetu aliyefungwa alimenya viazi vya michembe, vile vitamu vya kukatwa vipande na kuanikwa. Jirani yetu Baba Masanja akapiga hodi, nikatoka.

“Shikamoo. Mama kamfunga baba bao, anamenya viazi.”

Mama akaja mbio, akanifinya sikio. “Mtoto mwongo huyu! Mimi bao nilijulie wapi?”

Nililia, nikidhani amesahau kuwa kashinda. Haya, heshima ya baba ikabaki. Mimi nikaitwa mwongo mpaka naolewa!