Magogo Manne ya Katembo

Katembo hakuingia kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Mteja akiwa na haraka, shauri yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kukabidhi roho, ndivyo alivyosema, na aliyebisha aliambiwa akatafute fundi mwingine. Alikuwa na magogo manne ya mvule, mafupi na mazito, aliyoyaleta kwa lori kutoka Beni mwaka wa sitini na nne, alipokimbia vita vya Kongo pamoja na mkewe Kahambu. Wenzake walibeba magodoro na masufuria, yeye akabeba magogo. Kaka yake alikufa chini ya gari mbele ya macho yake kwa kukosa vipande vya mti kama hivyo, basi aliyetaka kucheka na acheke.

Gereji yake ilikuwa uani kwake, Kawempe, pembeni mwa Kampala, hatua kumi kutoka jiko la Kahambu. Hapo ndipo Tarcisio Onen alipoleta Pijo lake jeupe. Onen alikuwa Mwacholi, karani wa bohari, mtu mtulivu mwenye wazimu mmoja tu: alitaka gari lake lilale chini kama magari ya mashindano. Katembo alizikata springi huku akimtukana. Gari likashuka hata jeki ikakosa pa kupita, na tangu siku hiyo kulinyanyua kukawa na utaratibu wake. Kwanza magurudumu ya mbele yanapandishwa juu ya mbao nene, na ya nyuma yanazibwa kwa mawe. Halafu jeki inasukumwa chini ya chuma cha katikati, kile kinachobeba injini, wala si chini ya sampu, lile bakuli la oili. Gari likishanyanyuka, magogo yanaingia, kisha linatikiswa kwa nguvu zote. Likitulia, ndipo mtu anaingia. Onen alijifunza hayo yote mpaka akawa anamkosoa mwalimu wake. Jumamosi zote walizokuwa pamoja uani, ni yeye aliyebeba magogo.

Mwezi wa pili mwaka wa sabini na saba walimchukua. Walikuja wanaume watatu waliovaa miwani nyeusi, wakasema ana maswali mawili matatu ya kujibu, wakaondoka naye ndani ya gari lake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kabila lake: utawala wa kijeshi ulikuwa ukiwasaka Waacholi. Mwaka ule hilo lilitosha, na anayelieleza kwa namna nyingine ana jambo analolificha.

Mkewe Rosalba alizunguka kambi za jeshi, moja baada ya nyingine, kwa miezi miwili akimtafuta. Walimfukuza, walimcheka, mmoja alimshauri aolewe tena. Nyumbani kwao Gulu wazee waliuliza kama waanze kilio. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi, na kumngoja aliyekufa ni kumnyima haki yake. Mwisho alimwendea Katembo.

"Shemeji," alimwambia, "wewe unatengeneza gari ya maaskari. Nitafutie neno moja tu. Nimungoje, ama nimulie?"

Katembo alimwahidi. Kisha akakaa wiki nyingi bila la kumwambia, akawa anapita mbali na Mengo, alikokuwa akiishi mama yule, kwa aibu.

Alasiri moja mwezi wa sita, Luteni mmoja aliingiza uani Pijo la kijani. Landrova yenye askari wawili ilisimama langoni. Luteni alikuwa kijana mnene wa shingo, kola imepigwa pasi vizuri.

"Ekzosi imekatika," alisema, akionyesha bomba la moshi. "Fanya sasa. Mimi iko na safari."

Katembo alitazama jinsi gari lilivyolala chini. Kabla hajafungua kinywa, Luteni alianza kumfundisha.

"Usisumbuke na jeki kwanza. Hii inapanda mbao. Unaweka mawe nyuma. Halafu jeki chini ya chuma ya katikati, si ya sampu. Unaona? Mimi najua."

Utaratibu ule Katembo alimfundisha mtu mmoja tu katika Kampala nzima. Alichuchumaa kuweka mbao, akaingiza kidole nyuma ya gurudumu, na pale rangi ya kijani ilipokoma akakuta rangi nyeupe. Springi ilikuwa na alama yake mwenyewe, nukta tatu alizozipiga kwa patasi.

Hasira ilimjaa mpaka masikio yakavuma. Alipandisha gari, akaweka mawe, akasukuma jeki, akaanza kupampu. Gari lilipanda polepole. Alipogeuka kuchukua magogo, Luteni alikuwa amevua kofia na kulala chali, anaingia chini na kopo la rangi nyekundu. Siku zile vipuri havikupatikana hata kwa dawa, na wenye magari hawakumwamini fundi yeyote. Kabla ya kazi walipaka alama kwenye kila kipuri ili kisibadilishwe.

"Afande, ngojea. Haiyakuwa tayari," Katembo alisema.

"Nyamaza. Nyinyi Wakongo wezi."

Basi alikuwa pale, kifua chote chini ya injini, buti zake tu zikionekana. Mkono wa Katembo ulikuwa juu ya kifungulio cha jeki. Nusu mzunguko tu na gari lingemwangukia, wala haukuhitaji nguvu. Alitaka. Tusimpambe, alitaka kwa moyo wake wote, na kidole gumba kilikwisha kukikamata chuma.

Ndipo Kahambu alipotokea mlangoni pa jiko na ungo wa mchele, na kule langoni askari mmoja akapiga miayo, bunduki mapajani. Katembo aliona yatakayofuata: Kahambu kwanza, halafu watoto, halafu nyumba. Akauondoa mkono. Alisukuma magogo mahali pake, moja baada ya jingine, akashusha uzito wa gari juu ya magogo hayo. Ulikuwa woga, tusiupe jina jingine.

Luteni alitoka akijipangusa shati. Aliyaona magogo, akashangaa.

"Hii ni ya nini?"

"Jeki inaweza kuteleza, afande. Bila hii, ungekuwa maiti."

Luteni alikunja uso. "Mwenye gari hakusema kitu ya magogo. Nilimuuliza vizuri sana, akasema mara mbili. Mbao, mawe, jeki, halafu ingia. Basi."

Katembo aliinama, akaokota spana.

"Na huyo mwenyewe, afande, iko wapi sasa?"

"Hiyo siku ilikuwa ya mwisho yake." Luteni alivaa kofia. "Fanya ekzosi."

Katembo alifanya ekzosi. Alilala chini ya gari la rafiki yake, akachomea chuma, machozi yakimwingia masikioni. Onen hakuwa mtu wa kusahau magogo. Alijua anakufa, hakuwa na silaha wala wakili, akatega mtego kwa kitu kimoja ambacho hakukitaja. Mtego huo ukangoja miezi minne ukimtafuta mtu wake, ukampata, na fundi aliyempenda akautegua kwa mikono yake miwili.

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, alipanda mpaka Mengo. Rosalba alikuwa akianika nguo. Katembo hakukaa, wala hakuzunguka maneno.

"Usimungoje tena, shemeji. Alikufa."

Kisha akamwambia yaliyobaki, yote, hata lile la kidole gumba. Rosalba alisikiliza, shuka lenye maji likimdondokea miguuni.

"Tarcisio alimuleta mpaka kwako," alisema mwishowe. "Akamulaza chini ya gari."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaweka magogo."

"Niliogopa, shemeji."

Alimchapa kofi moja la nguvu, kofia ya Katembo ikaangukia matopeni. Katembo hakuinua mkono. Rosalba akaketi chini palepale na kuanza kulia kwa sauti, akimtaja mumewe kwa jina na kwa ukoo, kilio kamili cha kwao. Majirani wakaanza kuingia. Wanawake walimzunguka, wanaume wakatafuta pa kukaa, na Katembo akakaa nao, kichwa wazi.